Maneno ya Kushikia Nafasi

Hildegarda alikuwa na kanuni moja kazini, na kanuni hiyo aliipata msibani.

Miaka sita nyuma, alipokuwa bado anatengeneza kadi za harusi na ratiba za mazishi katika kibanda chake karibu na stesheni ya Kilosa, familia moja ilimletea picha ya marehemu wao na kuahidi kuleta wasifu baadaye. Ili ukurasa usikae mtupu, akajaza maneno ya kushikia nafasi: "Marehemu alikuwa mume mwaminifu, mpole, asiyependa makuu wala pombe." Wasifu haukuletwa. Ratiba zikachukuliwa hivyo hivyo, na katekista akayasoma maneno hayo mbele ya watu mia mbili waliomfahamu marehemu, wakiwemo wanawake watatu waliofika kila mmoja akijiita mjane. Watu walicheka mpaka jeneza likasahaulika juani.

"Tangu siku hiyo," alikuwa akiwaambia wateja, "nikijaza pengo najaza upuuzi. Maneno ya heshima yanapita bila kuonekana. Upuuzi hata mlevi atauona."

Alikuwa na miaka arobaini na moja, mjukuu wa mkata mkonge aliyetoka Songea akaona uvivu kurudi, Mkatoliki wa Krismasi na Pasaka. Kutengeneza tovuti alijifundisha mwenyewe, kwa kutazama video za watu wanaoongea haraka kuliko dalali wa mnadani. Alianza na tovuti ya kwaya, akafuatia ya nyumba mbili za wageni. Kisha akaja Donati.

Donati alikuwa mtu wa Mikumi, miaka thelathini na mitatu, fundi wa kompyuta katika hoteli ya watalii mpaka hoteli ilipopunguza wafanyakazi. Sasa alikuwa anafungua biashara ya kuhosti tovuti. Mwenye tovuti anamkabidhi Donati, Donati anaitunza kwenye seva, yaani kompyuta isiyozimwa, ili anayeitafuta aikute saa yoyote. Seva zenyewe zilikuwa za kukodi, ziko Ulaya, ile yenye theluji, si kijiji chetu cha Ulaya hapa Kilosa.

"Dada Hilda," alisema, "ukurasa wa mwanzo nataka ukumbi mkubwa wa seva, taa za buluu, na Wazungu wenye tai."

"Ofisi yako ina meza, feni na kalenda ya duka la dawa."

"Wateja hawatajua."

"Wakija je?"

"Hii ni biashara ya mtandaoni, dada. Hawaji."

Hildegarda aliweka buluu, akakataa Wazungu. Alipanga kurasa, akatengeneza kitufe kikubwa cha "Anza Hapa" ambacho hata mwenye simu ya kioo kilichopasuka angeweza kukibonyeza. Lakini palihitajika maelezo kutoka kwa mwenye kampuni: ninyi ni nani, seva ziko wapi, kwa nini mtu awaamini. Donati akaahidi kuyaleta kesho. Kesho hiyo ilichukua wiki tatu. Kwa hiyo Hildegarda, kwa kanuni yake, akajaza upuuzi na kumtumia ujumbe: "Huko chini ni maneno ya muda tu. Niletee ya kwako kabla hatujafungulia watu." Donati akajibu kwa kidole gumba. Aliitazama tovuti kwenye simu, akaipenda buluu, wala hakushuka chini.

Uzinduzi ulipangwa Jumamosi. Alhamisi asubuhi Hildegarda alipokea kadi kwenye simu: umehamishiwa leo, saa nne, ukumbi wa gesti, Mikumi, kwa kuwa mgeni rasmi anasafiri kesho. Akapiga simu, Donati alikuwa ameizima sauti ya simu tangu alfajiri kwa ajili ya sala ya kufungua. Akajaribu kuingia kwenye tovuti ayafute maneno; nywila ilikuwa imebadilishwa. Donati alikuwa ameanza kuzingatia usalama siku hiyo hiyo. Akafunga kibanda, akadandia gari la kwanza lililokuwa likielekea Mikumi.

Alipoingia ukumbini, mgeni rasmi alikuwa amesimama mbele ya ukuta uliomulikwa na projekta. Alikuwa Mwalimu Bonifas, mstaafu aliyemfundisha Donati darasa la tano, na alikuwa na ugonjwa wa walimu wa zamani: akiona maandishi lazima ayasome kwa sauti, na kwa vituo.

"Kuhusu Sisi," alisoma. "Tuko wawili. Mmoja anajua kazi. Mwingine ana kadi za biashara."

Donati alitabasamu kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

"Teremsha, kijana," alisema Mwalimu Bonifas, na Donati, kwa hofu ya darasa la tano, akateremsha. "Picha ya mkurugenzi itakaa hapa, akipata suti inayomtosha. Seva zetu ziko Ulaya. Ukitaka kuziona, panda baiskeli."

"Mimi natoka Ulaya," mtu wa nyuma alisema. "Ziko kwa nani?"

Hapo ndipo watu walipocheka. Hildegarda hakucheka. Alimwona Donati akilitazama koti lake, akiivuta mikono ya koti iliyoishia mbali na viganja, naye Hildegarda akaona aibu. Upuuzi ulikuwa umeonekana kweli, lakini umesimama juu ya mtu.

Mama mmoja wa Kimasai aliinuka katika safu ya mbele. Jina lake Naipanoi, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaouza shanga kando ya barabara kuu.

"Aliyeandika haya yuko hapa?" aliuliza.

Hildegarda akasogea mbele. "Shikamoo, mama. Ni mimi. Yalikuwa maneno ya muda."

"Marahaba. Yapi ni uongo?"

Hildegarda akafikiri. "Baiskeli, mama. Hiyo Ulaya ni ya Wazungu. Baiskeli haifiki."

"Na mengine?"

Hildegarda akamtazama Donati. Naipanoi naye akamgeukia. "Sisi tulishatengenezewa tovuti na kijana wa Dar. Aliongea vizuri sana, tukapiga makofi. Baada ya miezi miwili tovuti haipo, na kijana hayupo. Nijibu kawaida. Umeme ukikatika Mikumi, shanga zetu zinaonekana?"

Donati alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kampuni hakusema lile neno lake la matangazo, "suluhisho."

"Zinaonekana, mama. Seva haziko hapa. Umeme ukikatika, anayekaa gizani ni mimi."

"Na zikipotea nikutafute wapi?"

"Nyuma ya gesti hii. Mlango wenye kalenda."

Naipanoi akakaa. "Tutakuja Jumatatu," alisema.

Nje, Donati alimfuata Hildegarda hadi kwenye mapipa ya maji. "Umenichoresha, dada, mbele ya mwalimu wangu."

"Nimekukosea. Ile ya kadi na ile ya suti ningekuambia uso kwa uso. Ila ulibadilisha nywila."

"Ningejuaje kama umeandika matusi?"

"Kwa kusoma."

Donati akaondoka. Siku nne hakumpigia. Siku ya tano ukaja ujumbe: "Uliandika tuko wawili. Mimi nilidhani niko peke yangu."

Hildegarda aliusoma mara tatu, akaandika, akafuta, kisha akatuma: "Ilikuwa ya muda."

"Iache," alijibu Donati.

Suti ilifutwa, na baiskeli pia, ingawa watu wa Ulaya walilalamika. Badala yake Hildegarda aliandika maelezo mafupi anayoweza kuyaelewa mtu anayechunga ng'ombe huku simu iko mkononi, na swali la Naipanoi la umeme likawekwa juu kabisa, pamoja na jibu lake. Siku hizi kila Alhamisi anakwenda Mikumi, anakaa kwenye meza ile moja, na Donati amenunua kiti cha pili.

Tovuti ya shanga ilichukua mwezi mzima, maana Naipanoi alirudisha kila picha. Hildegarda alipomwomba walau atabasamu kidogo pichani, mama alikataa.

"Wananunua shanga," alisema. "Hawanunui meno."