Shahidi wa Ijumaa

Ofisini kwa wakili walimwita Shahidi, na jina lenyewe alilipenda. Alikuwa karani wa kupiga chapa, mwaka wa ishirini na mbili kwenye kiti kilekile kilichochanika upande wa kushoto, na kila hati iliyotoka mle ilibeba saini yake chini, pale palipoandikwa "Shahidi". Ilikuwa saini ndefu, yenye mkia unaorudi nyuma na kulikata jina katikati. Utaratibu wa ofisi ulikuwa wa miaka mingi: hati za wiki nzima zilirundikwa kwenye trei, na Ijumaa baada ya chakula cha mchana alizisaini zote kwa mpigo, huku akimsikiliza mhudumu wa ofisi akilalamikia magoti yake. Wenye hati aliwaona wachache tu. Wengine walisaini ndani kwa wakili, mlango umefungwa, wengine walisainia kwao na kuleta karatasi ikiwa tayari. Hakuna aliyeona kasoro. Ukitaka kumlaumu, subiri kidogo. Nafasi yako inakuja.

Mwaka ule wakili alitangaza kwamba kuanzia Januari karani asiye na stashahada atafute pengine pa kukaa. Yeye alikuwa na miaka arobaini na tisa na binti bado yuko shule. Stashahada alikuwa ameianza zamani, masomo ya jioni, akaiacha mume wake alipougua, na baada ya mazishi hakuwa na hamu ya daftari. Lilikuwa limebaki somo moja tu: Sheria ya Biashara. Kurudi darasani kulitaka mwaka mzima, lakini chuo kilikuwa na njia ya mkato iliyo halali. Ukijisomea mwenyewe, ukafanya mtihani wao wa maswali mia moja ukafaulu, somo lilihesabiwa kana kwamba umelihudhuria. Ukifeli, ungoje mwaka. Yeye mwaka hakuwa nao.

Aliyemsomesha alikuwa jirani yake wa mlango wa pili, fundi cherehani, mwanamke aliyemzidi miaka kumi na aliyemwita mdogo wangu. Fundi hakuwahi kusoma sheria hata mstari, lakini alijua kuuliza. Walikata makasha ya mashati yakawa kadi, upande huu swali, upande huu jibu. Kila siku karani akitoka kazini alipitia kwa fundi, akakaa kwenye kigoda kati ya vitambaa, na fundi akavaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi na kuanza kumbana. Kadi ikijibiwa mara tatu bila kigugumizi, karani aliitia saini kwa mbwembwe na kuitumbukiza kwenye kopo la vifungo.

"Mkataba unataka nini ili uwe mkataba?"

"Pendekezo, ukubalifu, malipo, uwezo wa wahusika, uhalali."

"Na hiari," fundi alisema. "Umeruka hiari. Hiyo ndiyo waliyoninyima mimi."

Hakuna kadi ambayo fundi hakuipachika kisa chake. Kwa miaka tisa alikuwa mbia wa muuza vitambaa mmoja, duka moja, cherehani nne za umeme, jina lake ubaoni. Jumatatu moja alikuta kufuli jipya. Muuza vitambaa alimpungia karatasi iliyosema kwamba yeye fundi amejitoa kwenye ubia kwa hiari yake, amesaini na kushuhudiwa. Tangu siku hiyo alishonea sebuleni kwa cherehani ya kukanyaga, akipandisha suruali za watu. Shauri lake lilikuwa kwenye baraza la usuluhishi, na yeye hakuwa na mtu wa kumsimamia.

"Mimi nisaini saa ngapi?" alizoea kusema. "Mimi hata nikisainia kifurushi huyo tarishi ananingoja mpaka anakaa chini."

Ikiwa imebaki kama wiki moja kabla ya mtihani, ikaja kadi aliyoiandika fundi mwenyewe kutoka kitabuni, kwa mwandiko wake uliolala upande na kuruka herufi.

"Shahidi wa hati anathibitisha nini?"

"Kwamba alimwona mhusika akisaini kwa mkono wake mwenyewe," karani alijibu haraka, kama kasuku. Kisha akasikia alichokisema.

Fundi aliiteremsha miwani. "Sasa kwenye lile karatasi langu shahidi ni nani? Maana huyo kama aliniona, aliniona ndotoni. Si lilipigwa chapa kwenu lile?"

"Kwetu zinapita hati nyingi, dada."

"Niangalizie basi. Siyo sasa, sitaki kukuvuruga. Ukishafaulu."

Asubuhi yake aliwahi kazini kabla ya mhudumu na kufungua kabati la chuma. Faili halikumpa shida kulipata, kwa kuwa aliyelipanga ni yeye. Tarehe ilikuwa ya Ijumaa. Jina la fundi, lile la vyeti ambalo mtaani halikutumika, lilikuwa limeandikwa kwa mwandiko wa duara, mzuri, wa mtu aliyezoea kalamu. Mtoto wa darasa la pili angejua kwamba si wa fundi. Na chini yake ule mkia ukarudi nyuma na kulikata jina katikati. Alisimama na karatasi mkononi, akijaribu kuikumbuka Ijumaa hiyo. Alikumbuka magoti ya mhudumu tu.

Aliingia nalo kwa wakili. Wakili alilitazama, akaendelea kusafisha miwani yake.

"Saini ya nani hii?"

"Yangu."

"Ulimwona akisaini?"

"Sikumwona."

"Mimi nililetewa ikiwa imesainiwa, nikaiweka kwenye trei, ikarudi ina shahidi. Ningejuaje?" Hakupandisha sauti hata kidogo. "Ukienda kusema hukumwona, aliyesema uongo kwa maandishi ni nani? Siyo mimi. Wala hawataanza na muuza vitambaa." Alivaa miwani. "Mtihani si Jumamosi ijayo? Nimekuandikia ruhusa ya siku tatu. Nenda kasome, mama. Tunakuhitaji hapa."

Wema huo ulimtisha kuliko matusi. Alilirudisha faili mahali pake.

Siku hizo tatu fundi aliacha kazi za watu zikalala, akawa anamuuliza tangu asubuhi. Alimpikia chai, akamkataza kuosha vyombo. Karani alijibu kadi moja baada ya nyingine bila kukosea. Mara mbili alifungua mdomo aseme. Mara ya kwanza fundi alikuwa na pini mdomoni na alionekana ana furaha. Mara ya pili karani alimfikiria binti yake, na kiti, na jela ambayo hakuwahi kuiona ila kwa nje. Aliona haya, kweli. Lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko haya, na hofu ndiyo iliyoamua.

Ukumbi wa mtihani ulikuwa na madirisha marefu na saa iliyokwenda mbele dakika nne. Swali la sitini na nane lilisema: mwanamke anadai hakusaini hati, shahidi aliyetia saini yake hakuwepo wakati wa kusaini, je, ushuhuda huo una thamani gani? Majibu yalikuwa manne. Lilikuwa swali jepesi kuliko yote kwenye karatasi ile. Alikoleza kiduara cha jibu sahihi kwa penseli, akahakikisha hakikutoka nje ya mstari, akaenda la sitini na tisa. Hakusita hata kidogo, na hilo ndilo lililomuuma baadaye.

Alipata themanini na moja. Chuo kililihesabu somo, stashahada ikakamilika, wakili akampa mkono mbele ya wote na kuagiza kiti kipya. Fundi alilia kwa furaha mlangoni, kwa sauti, mpaka majirani wakadhani kuna msiba. Akaapa kwamba nguo ya mahafali ataishona yeye na asisikie habari ya malipo.

Jumanne alimwita akapimwe. Sebule ilinuka mafuta ya cherehani. Kopo la vifungo lilikuwa mezani, limejaa kadi hadi juu, na ya juu kabisa ilikuwa imelala kwa upande wa saini. Karani alisogea, akaigeuza, akalifunika kopo kwa kipande cha kitambaa.

"Simama wima," fundi alisema, utepe wa kupimia shingoni. "Alhamisi ndiyo baraza. Ulipata nafasi ya kuliangalia?"

"Nililiangalia."

"Lina shahidi?"

"Linaye."

"Nani?"

"Saini haisomeki, dada."

Fundi alipima kiuno, akaandika. "Na sheria inasemaje, shahidi akiwepo?"

Jibu alikuwa nalo, amelijibu mara tatu bila kigugumizi: shahidi huitwa, akainua mkono wa kulia akaapa, akaulizwa, na ikionekana hakuwepo, hati inaanguka. Lingemtoka kwa pumzi moja.

"Inakuwa ngumu," alisema.

"Ngumu kiasi gani?"

"Ngumu sana."

Fundi aliuacha utepe ulegee mikononi. Alionekana mzee ghafla, na mdogo. Kisha akatikisa kichwa kukubali, kwa unyenyekevu ambao karani hakuwa ameuona kwake hata siku ile ya kufuli.

"Basi Alhamisi siendi," alisema. "Kesho nitakwenda kulifuta shauri, nipumzike. Wewe ndiye uliyesoma, mdogo wangu, siwezi kubishana nawe." Alisogea karibu akiwa na utepe. "Haya, nikupime kwapa. Inua mkono wa kulia."

Karani akauinua, na akaushikilia juu mpaka fundi alipomaliza.