Komakech na Mtaro wa Kyarumba

Siku ya Jumatatu, tarehe 3 Machi 2025, wanafunzi kumi na tisa waliketi darasani katika chuo kimoja cha Bwera kuanza masomo ya hifadhi ya mazingira: wanaume kumi na mmoja, wanawake wanane. Mkubwa wao alikuwa Komakech, mwenye umri wa miaka arobaini na minane. Ishirini na miwili kati ya hiyo alikuwa ameitumia katika kiwanda cha simenti huko Kasese, akijenga mifereji, hadi alipopunguzwa kazini. Vijana walimwita Babu. Naye aliwajibu kwamba babu huketi mbele kwa sababu akikaa nyuma macho yake hayafiki ubaoni.

Mwezi wa Oktoba ukaja mtihani wa vitendo. Kila mmoja alipewa shamba la mkulima mlimani Kyarumba, achimbe mtaro wa kuzuia mmomonyoko. Mtaro ukishindwa kushika maji ya mvua, mwenyewe arudie mwaka mzima. Komakech hakuwa na karo ya kurudia.

Alichimba siku nne, pimamaji yake ya uashi mkononi. Jumatano, mwenye shamba, Mama Erina, alifika na karai la maharagwe kichwani, akautembelea mtaro mwanzo hadi mwisho bila kutua mzigo.

"Ni mzuri," alisema. "Nani alikufundisha?"

"Kazi ya kiwanda cha simenti, mama. Nimeupa mwinamo kidogo, maji yasituame."

"Na mimi nilitaka yatuame. Wewe mutoto wa simenti, umemkaribisha mgeni, kisha umemwonyesha mlango. Tena mlango wenyewe unaelekea shamba la Kezironi, na jirani yule hana mzaha."

Komakech alicheka hata akaketi juu ya udongo. Miaka yote ile alilipwa kuyafukuza maji. Mkono ulikuwa umefanya ulichokizoea bila kumshauri mwenyewe.

Mwalimu Nabasa wa chuoni angekuja kukagua Ijumaa. Mama Erina akayamwaga maharagwe kwenye mkeka, akalijaza karai maji pomoni, wakalitua ndani ya mtaro kila baada ya hatua kumi. Maji yalipomwagikia upande mmoja, Komakech alikwangua upande wa pili. Hapa na pale aliacha kingo fupi za udongo kukatiza mtaro, maji yasipate pa kukimbilia.

Alhamisi alasiri mvua ilinyesha kwa saa mbili. Asubuhi yake Mwalimu Nabasa alichovya fimbo katika ncha zote mbili za mtaro. Alama ya maji kwenye fimbo ilikuwa ileile.

"Babu, mifereji yako ya kiwandani ilikuwa hivi?"

"Ingekuwa hivi, Mwalimu, wangenipunguza mapema zaidi."

Katika wale kumi na tisa, wawili walirudia mwaka, mmoja aliolewa Fort Portal, na mmoja alirejea machimboni. Waliobaki na kuhitimu walikuwa kumi na watano, Komakech akiwamo.