Samaki wa Mti Aliyekwenda Upande

Mbele za watu maneno hunikwama, ndiyo maana nimeandika. Naandika polepole, lakini haya niliyaona kwa macho yangu. Sikuwa nimelewa, sikuwa na homa. Mama Kerubo yuko hai, unaweza kuja Ekerenyo ukamuuliza. Hatakujibu, ila utauona uso wake.

Nianzie wapi? Nianzie kwa samaki wa mti.

Mimi nachonga samaki wadogo wa mti wa kuvulia. Si mapambo. Unachukua kipande cha mparachichi, unakichonga kiwe kama kidole, unakipaka rangi ya kucha. Tumboni unapigilia msumari ili apate uzito, kisha unamfunga ndoana. Chini ya kidevu unachomeka ulimi uliokatwa kwenye sidii kuukuu ya muziki. Ulimi huo ndio unaomfanya atikisike majini kama samaki aliyeumia. Puani kuna jicho la waya, na hapo ndipo uzi unafungwa.

Aliyenifundisha ni Baba Achieng', mtu wa kando ya ziwa anayechomelea vyuma mjini Nyamira. Yeye husema kuchonga ni rahisi, kazi ni kumfundisha kuogelea. Samaki wa kwanza niliyempelekea, alimvuta ndani ya pipa la maji, akacheka mpaka akakaa chini.

"Omera, ndugu yangu, huyu wako amelewa," akasema. "Mbuta wa ziwani atamwonea huruma, hatamla."

Kisha akanionyesha. Ukimvuta akaenda kushoto, unapinda jicho la waya kulia, kidogo sana. Akienda kulia, unapinda kushoto. Na usimvute mfululizo. Vuta, acha, vuta. Aliniahidi kwamba siku nitakayoleta mmoja anayekuja sawa, atanichukua ziwani nikavue naye.

Sasa Mama Kerubo. Ni jirani yetu, mimi na nyanya. Mume wake alichukuliwa na mto wakati wa mafuriko, kabla mimi sijaja kuishi huku, kwa hiyo sikuwahi kumwona. Mwili haukupatikana. Watu wa mume walitaka kuzika shina la mgomba mahali pa mwili, kama inavyofanywa, ili jambo liishe. Mama Kerubo alikataa. Kila jioni aliwasha taa mlangoni, akapika ugali wa watu wawili, akafunika sahani moja. Asubuhi ugali ule baridi alinipa mimi. Nimekula chakula cha yule mtu muda mrefu, niamini. Shemeji zake walikuwa wamechoka. Walisema atarukwa na akili, na siku moja walikuja kumwambia kwamba watazika, atake asitake.

Jioni ya siku hiyo nilishuka bwawani, kule chini ya mashamba ya chai, kumjaribu samaki mpya. Mvua ilikuwa imekatika na ukungu unapanda. Bwawa lilikuwa upande wangu wa kushoto, kulia kuna njia ya kutoka mtoni, na baada ya njia ni chai. Nikamrusha samaki mbali pembeni mwa bwawa, nikaanza kuvuta. Akaja akienda kushoto. Nikamrusha tena. Kushoto tena.

Hapo nikaona mtu kwenye ile njia, anakuja kwangu. Nikadhani ni mchuma chai amechelewa. Lakini alitembea vibaya. Kila hatua ilimpeleka kushoto kwangu, upande wa maji, mpaka akaingia bwawani hadi magotini. Nikaacha kuvuta kwa mshangao. Naye akasimama.

Nikavuta. Akatembea.

Nikaacha. Akasimama, mguu mmoja hewani.

Wewe ungefanya nini? Ungekimbia? Mimi sikukimbia. Na nina aibu, hata kupiga kelele nilishindwa. Nikabaki nimeshika kijiti cha uzi kama mjinga.

"Bwairire," akanisalimia, kama watu wanavyosalimiana jioni. Sauti ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu aliyechoka. Nguo zake zilikuwa zinachuruzika.

Nikaitikia. Nyanya alinilea hivyo, salamu huitikiwa.

"Huyo samaki wako anakwenda upande," akasema. "Mnyooshe, momura, kijana wangu. Nimechoka kuangukia maji." Halafu akatazama juu, kwenye nyumba. "Kwa Mama Kerubo taa bado inawashwa?"

Nikasema inawashwa. Sijui kwa nini nilisema ukweli. Ningesema hapana, angeenda wapi? Mpaka leo najiuliza.

Nilimtoa samaki majini, nikachukua plaisi ya kupindia waya. Kwa haraka nikapinda jicho la waya kulia kupita kiasi. Nilipomrusha na kuvuta, yule mtu alitoka majini, akavuka njia, akaingia moja kwa moja kwenye chai. Alisimama humo, majani yamemfika kiunoni, akanitazama.

"Kidogo," akasema. "Unapinda jicho la waya au lango la chuma?"

Usicheke. Mimi mwenyewe nilitaka kucheka, na hilo ndilo linanichanganya kuliko yote. Hofu ilikuwapo, lakini pia nilikuwa naona aibu ya kazi mbaya, kama siku ile ya pipa.

Nikarudisha waya nyuma, kidogo kabisa. Nikarusha. Safari hii samaki alikuja sawa, akitikisa mkia kama ana roho. Sijawahi kuona samaki wa mti akija hivyo. Na yule mtu akaja sawa, katikati ya njia, mpaka akafika mbele yangu. Samaki akanifikia mkononi. Yeye akasimama. Alinuka matope.

"Usiache," akasema.

Basi nikageuka, nikapanda mlima nikimburuta samaki kwenye nyasi zenye maji. Vuta, acha, vuta. Nyuma yangu nilisikia hatua, kisha kimya, kisha hatua. Sikugeuka. Uzi ulikuwa mzito kana kwamba navuta gunia. Kwenye lango la Mama Kerubo nikavuta mara ya mwisho, na uzito wote ukaondoka. Mtu alinipita. Bega langu lililowa.

Nikamsikia Mama Kerubo akisema ndani, bila kupaza sauti, "Umechelewa. Ugali umepoa."

Mlango ukafungwa. Nilimwokota samaki wangu kwenye nyasi. Alikuwa mkavu. Nyasi zote zimelowa, yeye mkavu.

Asubuhi nilikwenda kama kawaida. Mama Kerubo alikuwa anapiga deki, na taa ameiondoa mlangoni. Sahani ya pili ilikuwa imeoshwa na kuinamishwa.

"Leo hakuna kilichobaki, mwanangu," akaniambia.

Nilimwuliza kama alipata mgeni. Akakamua kitambaa taratibu, akasema niende nikawaambie shemeji zake wakate mgomba. Yuko tayari. Hakulia. Siku ya mazishi nilisaidia kuchimba, nikatazama lile shina likishushwa. Kama alifika nyumbani, tulimzika nani? Na kama tulimzika, nani alikula ugali? Nimefikiri sana, sijapata pa kushika. Ninachojua ni kwamba Mama Kerubo sasa analala, na anapika sahani moja.

Nilimpelekea Baba Achieng' samaki, nikamweleza yote. Alimvuta kwenye pipa, akatikisa kichwa kwa jinsi alivyokuja sawa. Kuhusu yule mtu alicheka tu. Kisha niliondoka, nikamsikia ameacha kucheka. Aliniita. Akainama, akatazama gamubuti zangu, viatu vyangu vya mpira, akaniambia nitembee tena hadi barabarani.

Ziwani hajanichukua mpaka leo. Anasema mtu anayetembea hivi hafai kupanda mashua.

Maana mimi ndiye ninayekwenda kushoto sasa. Sihisi, lakini nikitazama nyuma kwenye matope naona nyayo zangu zimepinda. Wa boda boda hunipigia honi, wanasema, "Kijana, shika njia." Jioni kukiwa na ukungu nyanya hunishika mkono, kwa sababu mara mbili amenikuta nimeshuka hadi bwawani na mimi nilikuwa nakwenda chooni. Daktari alinipima masikio na miguu. Hakuona kitu.

Kwa hiyo wewe unayechonga samaki wa mti, nisikilize. Ukimvuta akaenda upande, kabla hujagusa waya, inua macho uangalie njia. Ukiona mtu anatembea kama samaki wako, ukiona kijana mwembamba mwenye gamubuti anaelekea majini, pinda kidogo, kidogo tu, nakuomba.

La. Usipinde. Kule kwenda upande kutahamia kwako, na wewe pia una watu wanaokungoja. Mtoe samaki majini, mtie mfukoni, uende nyumbani. Mimi nitasimama pale nilipo.