Kovu la Kisigino cha Bibi

Bibi yangu wa Igowole huniita mume wake. Kwa kuwa mume huyo anafanya kazi maabara ya hospitali huku Mbeya, ametangazia kijiji kizima kwamba ana daktari ndani ya nyumba. Mimi si daktari. Kazi yangu ni kukata nyama iliyotolewa kwa wagonjwa vipande vyembamba, kuvitia rangi na kuviweka kwenye kioo, daktari avitazame kwa hadubini.

Mwaka juzi kisigino chake kiliota uvimbe mgumu, mwekundu kidogo. Alisema ni mwiba wa shambani. Alikatwa kipande, kikaletwa kwetu. Ningekaa mbali nacho, lakini kiherehere! Kabla daktari hajafika nikachungulia. Melanoma, saratani ya ngozi, niliyoizoea mimi huwa nyeusi kama masizi. Hapa hapakuwa na weusi hata chembe, seli zilikuwa ndefu na nyembamba, zimelala kwenye nyuzi kama za kovu. Nikapiga simu hapohapo.

"Bibi, ni kovu tu!"

Jumapili akapeleka jogoo kanisani kutoa shukrani. Jogoo akapigwa mnada, watu wakapiga vigelegele.

Jumatatu daktari alikaa na kile kioo muda mrefu mno, akaniita.

"Tazama viini vya seli hizi. Kovu gani lina viini vibaya namna hii?"

Akaagiza rangi maalumu ya kuzitambua seli za melanoma, nayo ikashika. Ilikuwa melanoma ya nadra, isiyo na weusi, inayojifanya kovu. Niliona aibu, kisha nikaogopa sana kumpoteza bibi.

Nilimpigia tena, nikamweleza yote.

"Sasa jogoo wangu je? Nikamwambie Mungu arudishe?"

"Nisamehe, bibi," nikasema huku nalia.

"Mume gani wewe, unalia hata sijakatwa? Basi nimeshukuru mapema. Njoo unichukue."

Alikatwa sehemu kubwa ya kisigino. Alipozinduka aliuliza kama wamemwachia pa kuvalia kiatu. Nyama ile ikapelekwa maabara kuangaliwa kama saratani imefika kwenye kingo zake, maana hapo ingekuwa imebaki mguuni. Safari hii nilimwachia mwenzangu kazi, nikakaa kwenye benchi na ndugu wa wagonjwa wengine.

Daktari alikuja mwenyewe wodini. Akamweleza bibi taratibu kwamba kingo ni safi, ila atakuwa anarudi kuangaliwa. Bibi alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi.

"Mume wangu, ni kweli anachosema?"