Unga wa Bure wa Mwamvua

"Nani alimwambia Mdachi apandishe ujira bila kuniuliza mimi?"

Mwamvua aliuliza hivyo akiwa amesimama katikati ya banda lake la chakula, mwiko mkononi. Aliyeulizwa alikuwa Alfani, karani wa boma la Songea. Mdomo wake ulikuwa umejaa ugali, kwa hiyo hakuwa na haraka ya kujibu.

"Mimi nimesoma tangazo tu, mama," alisema alipomeza. "Anayebeba mawe ya barabara alikuwa anapata hela nane kwa siku. Kuanzia Jumatatu ni kumi na mbili. Wanawake wanaobeba udongo nao ni hivyo hivyo."

"Na wanawake!"

"Watu wameadimika. Bwana mkubwa anataka barabara iishe kabla ya mvua."

"Wameadimika! Miaka sita iliyopita askari wake walichoma maghala ya mahindi mpaka ya wajane, njaa ikawamaliza walioachwa na risasi, leo anashangaa hapati wa kubeba mawe. Si angewatunza alipokuwa nao?"

Alfani akatazama mlangoni. Maneno kama hayo hayakusemwa kwa sauti hatua mia mbili kutoka boma. Lakini tusimpambe Mwamvua. Asubuhi ile hakuwa akiwalilia marehemu. Alikuwa akivililia vinu vyake viwili nyuma ya banda, maana alijua tangazo likishasikika hakuna atakayevigusa kwa bei yake.

Mwamvua alikuwa Myao wa upande wa Tunduru, mnene wa wastani, mbishi kupita wastani. Alikulia kwenye misafara ya biashara, akaolewa humo humo na Daimu, muuza chumvi, na hakuwahi kuwa na shamba lake hata la tuta moja. Mwaka wa vita vya Maji Maji, Daimu alikwenda Lindi kuchukua chumvi, asirudi. Watu walimpa pole ya kufiwa. Mwamvua alikataa kukaa eda, akasema chumvi imepanda bei tu, mtu anangoja ishuke. Alipochoka kungoja alijenga banda karibu na boma, akaanza kuwapikia wapagazi ugali na maharage, hela mbili sahani, na anayetaka mchuzi wa pili aoneshe hela kwanza.

Alikuwa na watwangaji wawili, wote wajane. Mkubwa alikuwa Kunegunda, Mmatengo aliyeolewa kwa Wangoni, aliyebatizwa na mapadri baada ya njaa. Mdogo alikuwa Notburga, mwembamba kama mchi wake, asiyesahau jambo. Aliwalipa hela tatu kila mmoja kwa siku, na bakuli la ugali mchana. Ugali wenyewe ulikuwa wa chini ya chungu.

Jumatatu asubuhi walikuja, hawakushika mchi.

"Mwenzangu," alisema Kunegunda, "mimi nina kichwa, na kichwa kikibeba udongo kinapewa hela kumi na mbili. Sikuombi kumi na mbili, maana hapa kuna kivuli. Tupe nane."

"Nane! Unatwanga mahindi au unatwanga dhahabu?"

"Natwanga mahindi. Dhahabu unaitoa wewe yakishaiva."

"Hamna shukrani. Wakati wa njaa nani aliwapa makapi?"

"Ulituuzia, mama," alisema Notburga. "Mimi nilitoa shanga za marehemu mama yangu."

Mwamvua akafunika shingo kwa kanga, kwa sababu ilikuwa kweli na shanga alikuwa amezivaa. Wakaondoka kwenda kubeba udongo.

Sasa ndipo akaona kituko cha ujira kupanda. Wabeba mawe, wakiwa na hela zaidi, walianza kula mara mbili kwa siku. Waliokuwa wakila viazi vya kuchoma barabarani waliingia bandani wakakaa kama masultani. "Leta na mchuzi wa pili, mama!" Hela zilijaa mlangoni na unga ulikuwa umebaki wa kufunika kiganja. Zaidi ya hayo, Jumamosi alitakiwa kupeleka boma pishi sitini za unga wa posho ya wapagazi. Alfani alikuwa amemweleza bila kuzunguka: zikipungua, kazi inakwenda kwa Bakili, mwenye duka la sokoni, ambaye alikuwa akiitamani tangu banda lilipoezekwa. Na bila posho ya boma banda lisingefika mwezi ujao. Wala mizigo ya mahindi aliyokopa isingelipika.

Akajaribu kutwanga mwenyewe. Alitwanga mpaka adhuhuri, akapata pishi moja na malengelenge manne.

Hapo ndipo akakumbuka ngokela.

Mwaka uliopita alipita Msamala akaona watu kama ishirini wanalima shamba la mtu mmoja, wanaimba, jioni wanakunywa pombe, wanakwenda kwao. Aliuliza wanalipwa kiasi gani. Akaambiwa hawalipwi, ni ngokela, desturi ya Wamatengo, mwenye kazi anaandaa pombe na watu wanakuja. Mwamvua alilihifadhi jambo hilo kichwani kama mtu aliyeokota rupia njiani. Hakungoja kuuliza zaidi.

Basi alikwenda kwa bibi mmoja wa Msamala akanunua mitungi minne ya pombe ya ulezi. Kwa kuwa yeye alikuwa Mwislamu alisema pombe hiyo haimhusu, yeye ameibeba tu. Akapeleka mwaliko kwa wanawake wote anaowajua, hata Kunegunda na Notburga, bila haya. Inasemekana Kunegunda alipopata mwaliko alicheka mpaka akakaa chini kwenye udongo wa Mdachi.

"Twende?" aliuliza Notburga.

"Twende! Ngokela haikataliwi. Na kumbuka kila atakayekuja."

Alhamisi walikuja wanawake kumi na sita na vinu vyao. Mahindi yalikuwa yameshalowekwa. Walitwanga watatu watatu kwa kupokezana, michi ikipanda na kushuka, na wakaimba, kwa maana kwenye kinu mtu anaimba atakalo na anayeimbwa haruhusiwi kununa. Waliimba kwamba Mwamvua ana mkono mfupi, unafika chunguni haufiki mfukoni. Waliimba kwamba Daimu hakufa, yuko Lindi anapumzisha masikio. Mwamvua alichekelea, akajumlisha pishi. Kwa bei ya sifuri wamtukane mpaka ukoo mzima.

Ijumaa unga ulikauka juani juu ya mikeka. Jumamosi pishi sitini zilifika boma, na ya sitini na moja juu kwa kumkoga Bakili.

"Umewalipa rupia ngapi hao?" aliuliza Alfani.

"Sijalipa hata hela. Mwambie bwana wako aje nimfundishe utawala."

Jumatatu, kabla hajawasha moto, Kunegunda alikuwa mlangoni na majembe mawili.

"Jumatano ni kwangu," alisema, akamwachia moja.

"Kwako kuna nini?"

"Kuna kulima. Ulituita, tukaja. Sasa tunakuita sisi, unakuja. Leo ni kwa mama wa pale mtoni, Jumatano kwangu, Ijumaa kwa Notburga. Tuko kumi na sita, Mwamvua."

Mwamvua akakaa juu ya kinu.

"Hakuna aliyeniambia!"

"Hukuuliza. Mtoto wa Kimatengo wa miaka saba anajua."

"Na nisipokuja?"

"Hakuna anayekamatwa. Ila kuni utaokota mwenyewe, maji utateka mwenyewe, na ukifa utajiosha mwenyewe."

Mwamvua, mfanyabiashara mpaka kwenye uboho, akauliza kama siku hizo zinanunulika.

"Zinanunulika," alisema Kunegunda taratibu. "Kwa kuwa ni wewe. Hela kumi na mbili kwa siku. Si ndiyo bei ya Mdachi?"

Akapiga hesabu kwa vidole, kisha kwa punje za maharage. Siku kumi na sita zilikuwa hela mia moja na tisini na mbili. Watwangaji wawili kwa hela nane, wiki nzima, wangekula tisini na sita. Na mitungi minne ya pombe hakuihesabu, kwa kuogopa moyo usije ukasimama.

Akachukua jembe.

Alilima Jumatatu. Alilima Jumatano. Alilima kama mtu anayeua nyoka, anapiga juu, anaruka nyuma. Wenzake walimpita safu nzima, wakarudi kumtazama. Adhuhuri kwa Kunegunda aliletewa bakuli la ugali. Akauonja, akautema.

"Huu ni wa chini ya chungu! Umeungua!"

"Kweli?" alisema Kunegunda. "Mimi nilidhani ndio upendao. Miaka mitatu nimekula huo huo kwako, sijawahi kuona mwingine."

Wanawake wakaangua kicheko mpaka mmoja akaangusha jembe. Mwamvua alitafuna ule ugali hadi mwisho, kwa hasira, na njaa ya kulima pia. Siku hiyo banda lilikuwa limefungwa. Wabeba mawe wenye hela kumi na mbili walikuwa wamejipanga kwa Bakili, na Bakili alikuwa ameanza kuwapikia na kuwawekea viti.

Alhamisi asubuhi alimfuata Kunegunda kwenye udongo wa boma, mbele ya watu.

"Dada," alisema, kwa mara ya kwanza, "hela saba."

"Nane."

"Saba na ugali wa juu ya chungu."

"Nane na ugali wa juu ya chungu. Umeshauonja wa chini."

Ikawa nane. Sahani ya ugali ikapanda kutoka hela mbili hadi tatu, na wabeba mawe wakapiga kelele kwamba mama huyu ni mwizi kuliko kodi ya Mdachi. Wakala. Watwangaji wa Bakili waliposikia nao waliweka michi chini, naye akalazimika kulipa nane, akaviuza vile viti. Mwamvua hakutajirika tena kama zamani, wala hakufunga banda. Posho ya boma ilibaki kwake.

Zikabaki zile siku. Kunegunda aliwakusanya wenzake akawaambia mwanamke huyu akiendelea kulima ataharibu mashamba yote ya Songea, afadhali asamehewe. Wote walisamehe ila Notburga.

"Mimi namtaka shambani," alisema.

Mwamvua akaenda Ijumaa bila kubishana. Notburga hakuwa amemwita mtu mwingine. Walilima wawili, kila mmoja na safu yake. Saa sita mvua ya kwanza ya mwaka ikashuka kwa kishindo, udongo ukashika miguuni.

"Basi, mama," alisema Notburga. "Nusu siku inatosha. Nenda nyumbani."

"Ili kesho useme sokoni kwamba Mwamvua alikulipa nusu? Ondoka njiani."

Akalima. Nguo zilimganda, jembe likamteleza mara mbili, safu ikaenda pembeni kama njia ya mlevi. Alipofika mwisho jua lilikuwa limekwisha kurudi na kuondoka tena. Notburga alitembea juu ya safu ile polepole, akaitazama mwanzo hadi mwisho.

"Imepinda," alisema.

"Naiona."

"Itaota hivyo hivyo." Akamnyang'anya jembe mkononi, akalifuta tope kwa majani. "Mama Mwamvua, sikudai tena."