Hedifoni ya Kusikia Manyanga

Mjomba wangu ni fundi wa mashine ya randa katika karakana ya samani, na katika maisha yake yote amefanya kazi moja tu ya muziki: alipiga manyanga kwenye wimbo mmoja. Si nyimbo mbili. Alikuwa na miaka ishirini na moja, bendi ya rafiki zake ilikwenda kurekodi, mpiga manyanga wao akaamka na homa. Mjomba alikuwa amekwenda kubeba vyombo tu. Akapewa vile vibuyu viwili vyenye mbegu ndani, akaambiwa atikise na asiharibu. Hakuharibu. Wimbo ukapendwa kiasi, bendi ikasambaratika, yeye akarudi kwenye mbao.

Mpaka leo redio zinaupiga mara moja moja, na ukipigwa nyumbani kwake hakuna anayeruhusiwa kupumua. Mjomba ananyanyua kidole. "Ubeti wa tatu," anasema, "gitaa linanyamaza, manyanga yanabaki peke yake. Subirini." Tunasubiri. Ubeti wa tatu unakuja, unapita. Mjomba anashusha kidole.

"Redio mbovu hii. Imeyameza."

Redio ikabadilishwa. Ya pili nayo ikameza. Televisheni ikameza, simu ikameza. Kwa miaka kama saba nyumba ile ilijaa vyombo vyenye njaa ya manyanga, na sisi tukacheka, tukaona ni mzee na ujana wake. Hakuna hata mmoja wetu aliyetega sikio akajiuliza kama yapo au hayapo. Mimi nilikuwa nasubiri ubeti uishe tule.

Randa yenyewe ni ya umeme, ina visu vitatu vinavyozunguka, na ikianza kula mbao ngumu, ukiwa mlangoni husikii jina lako. Amesimama nayo miaka ishirini na sita. Mwenye karakana aliwahi kuwaletea mafundi vya kuziba masikio. Vya mjomba vilikaa kwenye msumari mpaka buibui akajenga humo. "Nikiziba, nitajuaje kisu kimegusa msumari?" alisema. Na kweli alikuwa akijua. Alisikia kisu kikipoteza makali kabla mbao haijatoka na mchirizi hata mmoja. Anazima mashine, anafungua, anaonyesha. Wenzake wakamheshimu kwa hilo kuliko kwa umri.

Mwaka huu mkaza mjomba alichoka. "Kanunue hicho kitu cha kuvaa kichwani," alimwambia, "usikilize manyanga yako mwenyewe. Mimi na hiyo bendi tumeshaachana."

Mjomba alinichukua mimi, kwa kuwa nilisoma umeme mihula mitatu kabla chuo na mimi hatujachokana, na kwenye ukoo wetu mihula mitatu inatosha kuitwa mtaalamu mpaka unazikwa.

Duka lilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya kinyozi. Chumba chembamba chenye kaunta ya kioo, na ukuta mzima umetundikwa hedifoni. Muuzaji alikuwa mtu mpole, mwenye miwani.

"Unasikilizia wapi, mzee?"

"Nyumbani, sebuleni. Na mama anashona hapo hapo, hataki kusikia hata tone."

"Basi chukua za kufunga. Zile za wazi zina matundu nyuma, sauti inatoka, mama atasikia kila kitu. Hizi zimezibwa na zinafunika sikio zima. Wimbo unabaki wako."

"Ni wangu tangu zamani. Mimi nimo humo."

Muuzaji akanitazama.

"Yumo," nikamwambia. "Ubeti wa tatu. Usikohoe."

Alimvalisha ya kwanza, akachomeka waya kwenye simu yetu. Mjomba akafumba macho. Nikaona midomo yake ikihesabu. Akafumbua.

"Besi nzuri. Manyanga hamna."

Ya pili ilikuwa na mito laini isiyobana. Mjomba akasikiliza, akatikisa kichwa. "Gitaa nasikia mpaka kucha za mpigaji. Manyanga hamna." Muuzaji alinyoosha mkono aichukue ajaribu mwenyewe, mjomba akaipitisha kwangu. "Sikiliza wewe, mtaalamu. Huyu ataniambia yapo hata kama hayapo, ndiyo kazi yake."

Nikavaa. Duka likazimika, barabara ikazimika, kinyozi na mashine yake wakapotea. Gitaa likanyamaza, na yakaja. Makavu, karibu kabisa, kama mtu anapepeta mchele nyuma ya shingo yangu. Yalikuwa wazi kiasi kwamba niliona aibu. Chombo chochote kile kingeyatoa, na bila shaka kilikuwa kikiyatoa, miaka saba mfululizo, nasi tumekaa mbele yake tunangoja chakula.

Mjomba alisimama mbele yangu na uso wa mzazi anayengoja matokeo ya mtihani.

"Eh?"

Mimi si mtu wa kukosa la kusema. Siku hiyo maneno yote yalinikimbia, likabaki moja tu la uongo.

"Hamna, mjomba."

Alifurahi. Hicho ndicho kilichoniumiza zaidi. Akamgeukia muuzaji na kifua mbele. "Tumekuwa wawili sasa. Lete nyingine."

Muuzaji alifungua kabati lenye kufuli, akatoa kasha jeusi. "Hizi ndizo za mwisho nilizonazo. Wanamuziki wenyewe wananunua hizi. Zisipoyatoa hizi, mzee wangu, basi hayakurekodiwa."

"Yalirekodiwa. Mkono uliniuma siku mbili."

Akasikiliza mpaka mwisho wa wimbo, macho yamefumbwa. "Rudisha." Muuzaji akarudisha. Mara ya pili hakuhesabu. Alikaza uso tu, kama anayesukuma gari lililonasa. Kisha akazivua taratibu, akanivalisha mwenyewe.

Nilikuwa nahangaika namna ya kudanganya mara ya pili bila kuonekana, kwa hiyo nikasahau mkono wangu. Ulikuwa juu ya kaunta. Kidole kilikuwa kinagonga kioo, kinafuata manyanga, pamoja na mtikiso mmoja wa ziada unaochelewa mwisho wa kila mzunguko. Baadaye ndipo nilipojua, kwa mmoja wa bendi ile, kwamba ule mtikiso ni kosa lake, ambalo bendi iliamua kuliacha na yeye hakuwahi kumwambia mtu.

Mjomba akaweka kiganja chake juu ya kidole changu.

"Hiyo umeitoa wapi?"

Nikavua hedifoni. Nilitafuta mzaha, wowote ule, hata wa kukopa.

"Na zile zilizotangulia?" akauliza.

"Yalikuwepo, mjomba."

"Na redio?"

"Sijui. Nadhani."

Muuzaji akajishughulisha kukunja waya ambao ulikuwa umeshakunjwa. Mjomba aliangalia ukuta mzima, hedifoni moja baada ya nyingine, kisha akasema kwa sauti ya chini, si kwetu: "Wiki iliyopita nimepitisha mbao kumi na mbili zikatoka na michirizi. Nikamtukana muuza mbao."

"Mzee," muuzaji akasema, "kuna madaktari wa masikio. Wanapima."

"Wakishapima?"

Muuzaji akavuta kitabu cha risiti.

"Nikufungie zipi?"

"Wafungie wenye kusikia, mwanangu." Hakusema kwa hasira. Alirudisha hedifoni ndani ya kasha lake, akafunika, akasawazisha pembe kama fundi anavyofanya.

Tukatoka. Kwenye ngazi alisimama, mkono kwenye ukuta.

"Niambie kitu. Yalikuwa mazuri?"

"Mazuri sana, mjomba. Haki ya Mungu. Nimeyasikia moja moja."

Aliusoma uso wangu kama anavyosoma ubao kabla ya kuulaza kwenye mashine, juu na chini, akitafuta ufa.

"Na ulivyosema hayapo," akasema, "uso ulikuwa huo huo."

Akaanza kushuka. Nilimwita. Nikamwita tena kwa nguvu zaidi, mpaka kinyozi akachungulia mlangoni. Mjomba hakugeuka. Sijui kama hakusikia au hakutaka, na sina namna ya kumuuliza akaniamini kwamba nataka kujua.