Mama Mkwe Hapandi Baiskeli Yangu

Asubuhi ile nilimpakia mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, karai lake mapajani, naye njia nzima akawa ananisifu. Wenzangu wote walikuwa wamehamia pikipiki. Mimi nilibaki na boda ya baiskeli, na nilikuwa na wateja wangu kwa sababu ya kile kiti cha nyuma: sponji nene, ngozi juu yake, na vyuma vya kuwekea miguu. Mzigo niliufunga kwa mipira ya tyubu, kizito chini, chepesi juu, maji mahali mkono unapofika. Niliringa nayo sana baiskeli ile.

Mchana moshi ukaonekana upande wa mpaka wetu na kabila jirani. Siku chache nyuma ng'ombe walikuwa wameibwa huko, watu wakauana, kisha polisi wakaja na sisi tukadhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha.

Nilimkimbiza mke wangu Achieng na mtoto hadi kanisa lililo kwenye barabara ya Rongo, halafu nikarudi kumchukua mama yake. Goti lake lilikuwa bovu. Bila baiskeli asingefika, na alilijua hilo kuliko mimi.

Lakini kwetu mkwe hamgusi mama mkwe. Hali naye sahani moja, wala mama haketi pale mkwe anapoketi. Nyuma ya baiskeli utakaaje bila kumgusa anayeendesha? Nikamwambia nitashuka nisukume, yeye akae peke yake. Akakataa. Kiti ni cha mkwe, alisema, basi yeye hakikalii.

"Mama, hao watu wanakuja," nilimwambia.

"Nimewaona. Wewe funga unga na blanketi, baba. Mimi natembea tu."

Nikafunga. Unga ukakalia sponji, mama akatembea kwa fimbo, nyuma yangu, kwa umbali wa heshima. Hasira zilinipanda. Kumfokea nisingeweza; hilo nalo ni mwiko.

Tulifika kwenye ua wa mkonge wa shule.

Bunduki zikalia nyuma yetu.

Akaketi chini. Alisema goti limekataa, niende nikamletee mtu mwingine, yeyote asiye mkwe wake. Nikamwachia maji, nikakanyaga pedali.

Kanisani niliwaomba wenye pikipiki mmoja mmoja. Mmoja alirudi kufunga mzigo wake. Mwingine aliniambia ana watoto. Hakuna aliyekubali kurudi kule, na ningekuwa mimi labda nisingekubali.

Nikarudi peke yangu.

Alikuwa palepale, ameanguka ubavu. Mshale ulikuwa umeingia chini ya bega, naye hapumui tena.

Nilitazama barabara juu na chini. Hapakuwa na mtu.

Nikamnyanyua. Alikuwa mwepesi kuliko gunia la mahindi. Nikamfunga kwa ile mipira, nikasukuma.

Wazee walinifanyia tambiko baadaye, wakala, wakaniambia sasa niko safi. Sikusikia tofauti yoyote. Tulimzika kwenye kiwanja cha kanisa, mbali na kaburi la mumewe, kwa kuwa boma lake lilikuwa majivu na njia ya kwenda huko imefungwa. Mpaka leo watu wa ng'ambo ya mpaka wanalima kwenye boma lile.

Jioni ile ya maziko Achieng aliniuliza ni nani aliyemnyanyua mama. Nikasema ni mimi. Akalia upya, zaidi ya alivyolia alipoambiwa amekufa. Alijua kwamba mama yake angechagua kuachwa njiani.